ALIYEIACHA FIZIKIA HAKUIACHA BARABARA

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Kila mwaka jarida hili la Chama chetu cha Kiswahili hujaa mashairi ya kumsifu mama, visa vya sungura na fisi, na insha za kuonya vijana juu ya dawa za kulevya. Sina ugomvi nazo. Lakini mwaka huu naomba nafasi kidogo niandike juu ya somo ambalo wengi wenu mlilitoroka mwishoni mwa kidato cha pili. Naam, ni fizikia, na hasa ile mada inayotupokea tu tunapoingia kidato cha tatu: mwendo katika mstari ulionyooka. Tafadhali usifunue ukurasa wa vichekesho bado. Nina sababu ya kuandika haya, na sababu yenyewe iko nje ya lango letu.

Muhula wa kwanza mvulana mmoja wa kidato cha kwanza aligongwa na matatu akivuka barabara kuu saa kumi na moja jioni. Mungu alimnusuru, akavunjika mguu tu. Tulipokwenda kumjulia hali, mmoja wetu alimwuliza, "Kwani wewe hukuiona hiyo matatu?" Akajibu kwa sauti ya chini, "Niliiona. Lakini ilikuwa mbali."

Maneno hayo mawili, "ilikuwa mbali", yamekataa kunitoka akilini. Kijana yule hakudanganya. Ilikuwa mbali kweli. Aliupima umbali kwa macho yake na huenda aliukadiria vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba umbali haumgongi mtu. Kilichomjia ni kitu kingine ambacho hakukipima, na ambacho sisi wa fizikia tunakiita velositi. Mwezi ule ule sisi wa kidato cha tatu tulikuwa darasani tukikariri fomula za velositi hiyo hiyo, tukiziimba kama kasuku, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba zinahusu barabara iliyo mita chache kutoka dirishani.

Maoni yangu, basi, ni haya: mada hii si mali ya wale wachache waliobaki kwenye maabara. Ni mali ya kila mwenye miguu. Unaweza kuiacha fizikia, lakini huwezi kuiacha barabara. Na kwa kuwa barabara tunaivuka tukizungumza Kiswahili, ni vyema tuielewe mada hii kwa Kiswahili.

Hebu tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili kina neno moja tamu, "mwendo", lakini neno hili limebebeshwa mzigo wa punda watatu. Mtu akikwambia kwao ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, anakutajia umbali. Akisema gari lile lina mwendo mkali, anakutajia kasi. Akisema pole pole ndio mwendo, anakufundisha namna ya kwenda. Katika mazungumzo hakuna anayepotea, maana tunaelewana. Lakini ukisimama kando ya lami na mkoba mgongoni, ni lazima uwatenganishe punda hao, kila mmoja na mzigo wake.

Punda wa kwanza ni umbali, na huyu ana pacha wake anayeitwa mhamo. Nitatoa mfano wangu mwenyewe. Kwetu ni kilomita 3 kutoka shuleni, na njia imenyooka kama rula. Siku moja nilikuwa nimekwenda kilomita 2 nilipokumbuka kwamba nimeacha risiti ya karo juu ya meza. Nikageuka, nikarudi nyumbani mbio, nikaichukua, kisha nikaanza safari upya hadi darasani. Umbali niliotembea ni 2 na 2 na 3, jumla kilomita 7. Mhamo wangu ni kilomita 3 tu, upande wa mashariki. Mhamo haukuulizi ulihangaika wapi. Unauliza ulianzia wapi, umeishia wapi, na ni upande upi. Jioni niliporudi nyumbani mhamo wangu wa siku nzima ulikuwa sifuri! Viatu vyangu havikubaliani na jambo hilo, kwa sababu viatu huliwa na umbali, haviliwi na mhamo.

Usidhani sifuri hiyo ni aibu. Tarehe 9 Agosti 2012, huko London, ndugu yetu David Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akavunja rekodi ya dunia. Alizunguka uwanja mara mbili, akamalizia karibu pale pale alipoanzia. Umbali ulikuwa mita 800, lakini mhamo ulikuwa karibu na sifuri. Dunia nzima ilimpigia makofi.

Punda wa pili ni velositi. Velositi ni kasi iliyoambiwa inaelekea wapi. Tuseme kuna matatu mbili katika barabara ya Nairobi na Nakuru, zote zinakwenda kilomita 80 kwa saa, moja inapanda Nakuru na nyingine inateremka Nairobi. Kasi zao ni sawa. Velositi zao si sawa hata kidogo: tukiita ya kwanza 80, ya pili inakuwa 80 yenye alama ya kutoa mbele yake. Darasani alama hiyo huonekana kama mdudu mdogo, na wengi hupoteza maksi kwa kuisahau. Barabarani huwezi kuisahau mara mbili. Ikiwa mojawapo itatoka nje ya laini yake ili kupita lori, matatu hizo zinakaribiana kwa kilomita 160 kwa saa, yaani zaidi ya mita 44 katika kila sekunde. Mita 400 za lami tupu, ambazo dereva anaziona ni nyingi na nafasi ni kubwa, zinamalizika kwa sekunde 9. Naye pia atasema, "Lilikuwa mbali."

Kuna tahadhari nyingine hapa, nayo ni wastani. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017 ina urefu wa kilomita zipatazo 472, na treni ya abiria ya moja kwa moja huchukua kama saa tano. Ukigawanya unapata wastani usiozidi kilomita 95 kwa saa, ingawa treni yenyewe hufikia 120 inapokata mbuga. Wastani huficha mengi. Kwa hiyo dereva akijitetea kwamba safari nzima amekwenda wastani wa 60, mwambieni kwamba mtu hagongwi na wastani. Hugongwa na velositi ya nukta ile ile.

Punda wa tatu ni mchapuko, na huyu ndiye anayewatupa wengi chini. Mchapuko si kasi. Mchapuko ni jinsi velositi inavyobadilika katika kila sekunde. Tarehe 18 Septemba 2021, uwanjani Kasarani, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77. Huo ni wastani wa mita 10.2 kwa sekunde. Lakini bunduki ilipolia alikuwa amechutama, velositi yake sifuri! Ni dhahiri kwamba katika zile hatua za kwanza velositi yake ilipanda upesi sana, na mbele huko aliipita hiyo 10.2 ndipo wastani ukatimia. Sasa mtazame Eliud Kipchoge kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alipomaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Alikwenda karibu mita 5.9 kwa sekunde, kilomita baada ya kilomita, bila kupunguza wala kuongeza kwa kiasi cha kuonekana. Mchapuko wake ulikuwa karibu na sifuri kwa muda mrefu, na bado hakuna hata mmoja wetu ambaye angeweza kumfuata mizunguko miwili ya uwanja.

Katika maabara tunayaona haya kwa kimashine kinachopiga nukta 50 kwa sekunde juu ya utepe wa karatasi unaovutwa na kigari. Nukta zikiwa mbalimbali kwa nafasi sawa, velositi haibadiliki. Zikizidi kuachana, kuna mchapuko. Zikizidi kusongamana, kigari kinapunguza, na mchapuko una alama ya kutoa. Nafasi 10 za nukta ni sekunde 0.2. Ikiwa nafasi 10 za kwanza zina urefu wa sentimita 4 na 10 zinazofuata zina sentimita 8, velositi imetoka sentimita 20 kwa sekunde ikafika 40 ndani ya sekunde 0.2, na mchapuko ni mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde. Basi! Hakuna uchawi hapo.

Lakini utepe bora zaidi ni mwili wako mwenyewe. Panda matatu. Inapoondoka unasukumwa nyuma kwenye kiti. Dereva akikanyaga breki unarushwa mbele hadi unamwangukia mama wa watu. Katikati ya safari, kwenye lami laini, huhisi kitu. Unaweza hata kusinzia. Maana yake ni nini? Ni kwamba mwili huhisi mchapuko, hauhisi velositi. Matatu inayokwenda 50 na ile inayokwenda 110, zote zikiwa zimetulia, kwa mgongo wa abiria ni kitu kimoja. Ndiyo sababu abiria wanaketi kimya huku wakipelekwa kaburini, na ukisema, "Dereva, punguza," makanga anakuuliza kama umechoka kuishi mjini. Jicho la kijana aliye kando ya barabara linamdanganya, na mgongo wa abiria aliye ndani unamdanganya. Kisichodanganya ni hesabu.

Basi mnivumilie kwa hesabu kidogo. Tuseme dereva aliye macho anahitaji sekunde 1 tangu aone hatari hadi mguu ukanyage breki. Tuseme pia breki zake ni nzuri na lami ni kavu, kiasi kwamba gari linapoteza mita 6 kwa sekunde katika kila sekunde. Kilomita 50 kwa saa ni kama mita 14 kwa sekunde. Sekunde ya kwanza, kabla breki hazijashika, gari limekula mita 14. Kisha linasimama baada ya mita 16 nyingine. Jumla ni mita 30.

Sasa ongeza kasi mara mbili, iwe 100. Wengi niliowauliza walijibu kwamba breki zitahitaji mita 16 mara mbili. Sivyo! Velositi ikiwa mara mbili, muda wa kusimama nao ni mara mbili, kwa kuwa kila sekunde inapunguza kiasi kile kile. Na katika muda huo mrefu, gari linakwenda kwa wastani ulio mara mbili. Mara mbili ya mara mbili ni mara nne. Kwa hiyo si mita 32 bali ni mita 64. Ukiongeza mita 28 za ile sekunde ya kwanza unapata mita 92, karibu urefu wa uwanja wa kandanda, goli hadi goli.

Lakini mfano ulionitia hofu zaidi si wa 100. Ni wa 60. Dereva wa kwanza anakwenda 50, wa pili anakwenda 60, "kumi tu" zaidi. Wote wanamwona mtoto kwa wakati mmoja, mita 30 mbele yao. Wa kwanza anasimama pua kwa pua na mtoto. Wa pili ametumia karibu mita 17 kabla breki hazijashika, na zimebaki mita 13 tu za kupunguza. Nilipokokotoa velositi yake anapofika pale mtoto aliposimama, nilipata kilomita 39 kwa saa. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Sikukosea. Kumi iliyoongezwa mwanzoni inakuwa thelathini na tisa mwishoni. Sheria yetu inaposema kilomita 50 mjini, na 80 kwa matatu katika barabara kuu, na ile kanuni ya vidhibiti mwendo iliyotekelezwa mwaka 2004 wakati wa marehemu Waziri John Michuki, hazikuwekwa ili askari wapate kazi. Ni fomula ile ile ya darasani iliyovalishwa sare.

Najua pingamizi litakalokuja. Rafiki yangu mmoja aliposikia ninaandika haya alicheka akasema, "Wewe nawe! Fizikia inatahiniwa kwa Kiingereza. Velositi kwa Kiswahili itakupa maksi gani?" Swali lake ni la haki. Kwenye karatasi ya mtihani haitanipa maksi hata moja. Lakini nilimwomba anieleze, kwa lugha yoyote apendayo, tofauti kati ya velositi na mchapuko bila kutaja herufi yoyote ya fomula. Alijikuna kichwa hadi kengele ikalia. Fomula alikuwa nayo. Maana hakuwa nayo. Mimi pia nilikuwa hivyo hadi nilipojaribu kumweleza nyanya yangu, asiyejua Kiingereza. Huwezi kumkaririsha nyanya. Ama umeelewa umweleze, ama hukuelewa na atakwambia papo hapo.

Wala sisi si wa kwanza. Mnamo mwaka 1638, Galileo, akiwa mzee na kipofu, alichapisha kitabu chake kuhusu mwendo huko Leiden, Uholanzi. Nadharia zenyewe aliziandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa siku zile, lakini mazungumzo ya kuzifafanua aliyaandika kwa Kiitaliano, lugha ya watu wake. Ni humo alimoeleza kwamba mchapuko usiobadilika ni ule unaoongeza velositi sawa katika vipindi vya muda vilivyo sawa. Maneno matupu, bila fomula hizi zetu za leo. Ikiwa yeye hakuona haya kuieleza elimu kwa lugha ya nyumbani, sisi tunaona haya ya nini?

Sitaki nieleweke vibaya. Simlaumu yule kijana wa kidato cha kwanza. Mwenye usukani ndiye mwenye kosa la kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayeichagua velositi. Mimi na rafiki yangu tulichukua futi kamba ya wanariadha, tukapima mita 50 kando ya barabara, kutoka nguzo ya stima hadi kwenye mti mmoja. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linazimaliza mita hizo kwa sekunde 3.6 kamili. Tukakaa na saa ya mkononi. Matatu moja ilizimaliza kwa sekunde 2.4. Pigeni hesabu wenyewe: ni kilomita 75 kwa saa, mbele ya lango la shule.

Barabara yetu ina upana wa mita 7 hivi, na mtu anayetembea kwa kawaida huivuka kwa sekunde 5. Katika sekunde hizo gari la 50 linakuja mita 70. Lile la 75 linakuja mita 104. Kwa hiyo neno "mbali" peke yake halina maana. Mbali kwa gari gani?

Nina maombi matatu. Kwanza, Chama chetu kikishirikiana na kile cha sayansi kiandae kipindi kimoja tu, siku ya Ijumaa, tuwafundishe wadogo wetu wa kidato cha kwanza maneno haya manne: umbali, mhamo, velositi na mchapuko. Hatuhitaji maabara, tunahitaji barabara, kamba na saa. Pili, tupime magari kwa juma zima, tuandike tarakimu zetu vizuri, kisha kupitia kwa Mwalimu Mkuu tuzipeleke kwa wanaohusika ili tuwekewe matuta na alama. Malalamiko husikika yakasahaulika. Barua yenye tarakimu inahitaji kujibiwa kwa tarakimu. Tatu, wewe ulioacha fizikia, usiseme tena kwamba mambo haya hayakuhusu. Jioni ya leo kengele ya mwisho ikilia, utafika pale ukingoni pa lami kama sisi wengine. Usiulize liko mbali kiasi gani. Uliza linakuja upesi kiasi gani. Kama huna hakika, ngoja lipite.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mimi naongeza kwamba mwenda pole pia husimama mapema. Yule kijana amerudi darasani akitembea kwa magongo, na ameniomba nimpe nakala ya kwanza ya jarida hili. Ndugu yangu, ni hii hapa. Wasalaam.